Pesa za kaunti kwa sanaa: maswali ya wasomaji wa Mombasa

Barua za safari hii zimetoka kisiwani, Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa vikundi vya ngoma, maigizo, muziki na uchoraji. Nyingi zinazunguka jambo moja: utamaduni uko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mbona basi pesa haziwafikii wasanii? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Mwezi Mei tulikwenda kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Tulicheza lelemama, tukaomba shilingi milioni tano za tamasha la Mji wa Kale, tukapigiwa makofi na maafisa wenyewe. Bajeti ilipopitishwa Juni hatukupata hata shilingi. Tulikosea wapi? (Kikundi cha akina mama, Mvita)

JIBU: Akina mama, ombi lenu halikuwa na kasoro. Wakati wake ndio uliokuwa umepita. Ikifika Mei, bajeti ya kaunti imeshatungwa, na mnaitwa kutoa maoni juu ya pesa ambazo karibu zote zimekwisha kugawanywa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na kila tarehe ikipita kuna mlango unaofungwa. Kufikia 30 Agosti, afisi ya fedha inatakiwa iwe imetoa waraka wa kuzielekeza idara zianze kuandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka, ule ambao maafisa huuita ADP, uwe umefika bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari unawasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, na huo ndio unaoweka dari za idara, yaani kiasi cha juu ambacho kila idara inaweza kupewa: afya ngapi, barabara ngapi, utamaduni ngapi. Wabunge wa kaunti wana siku 14 tu za kuujadili. Makadirio kamili huja kufikia 30 Aprili, yakapitishwa kabla ya mwaka wa fedha kufungwa 30 Juni.

Kilichowakwamisha Mei ni kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015. Zinasema bunge la kaunti likibadilisha makadirio, fungu la idara halitaongezwa wala kupunguzwa kwa zaidi ya asilimia 1 ya dari yake. Juu ya hapo, sheria yenyewe inataka kila nyongeza ifidiwe kwa kupunguza mahali pengine. Tuseme dari ya idara ni shilingi milioni 300. Nafasi iliyobaki Mei ni milioni 3, na hizo zinaombwa na vilabu vya soka, maktaba, vijana na kila aliyefika kikaoni siku ile. Nyinyi mliomba tano. Hata mwakilishi wadi wenu angesimama kidete namna gani, hesabu isingekubali.

Mwaka huu anzeni Julai. Fuatilieni tangazo la vikao vya ADP kwenye magazeti, kwenye tovuti ya kaunti na kwa msimamizi wa wadi, maana mara nyingi hutolewa siku chache kabla. Lengo lenu hapo ni tamasha litajwe kwa jina ndani ya mpango, pamoja na kiasi chake. Februari rudini mhakikishe dari ya idara ya utamaduni inatosha kulibeba. Mei mtakwenda kulinda kilichomo, kazi ambayo ni nyepesi zaidi kuliko kuingiza kisichokuwamo. Fungueni pia ule mpango wa miaka mitano, CIDP, wa sasa ukiwa ni wa 2023 hadi 2027. ADP inatakiwa itokane nao. Mkikuta sentensi yoyote humo inayotaja matamasha au utamaduni, nukuuni ukurasa wake kwenye barua yenu. Afisa wa mipango ataona vigumu kukataa jambo ambalo kaunti yenyewe ilishaliandika.

SWALI: Je, tuiombe kaunti au serikali ya kitaifa? Kila afisi inatuambia twende kwa nyingine. (Mwalimu wa maigizo, Changamwe)

JIBU: Anza na Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Humo kaunti imekabidhiwa shughuli za kitamaduni, burudani, maktaba, majumba ya makumbusho ya kaunti na vituo vya kitamaduni. Tamasha la mtaa, ukumbi wa wadi na mafunzo ya vijana katika ngoma ni kazi ya kaunti, na afisa akikwambia vinginevyo muombe akuandikie jibu hilo kwenye barua.

Kuna mambo yasiyo ya kaunti. Fort Jesus, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa hivyo ukitaka kuonyesha mchezo mle ndani gavana hana ruhusa ya kukupa. Kitaifa pia kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoundwa kwa kanuni za mwaka 2018 na kulishwa na kodi za kamari. Ushindani wake ni wa nchi nzima na michezo huvuta sehemu kubwa. Ombeni, lakini msiisubiri.

SWALI: Tunaambiwa tuandike "memoranda". Tukiandika, hatujibiwi. Inaandikwaje hata isomwe? (Kijana wa kikundi cha muziki, Likoni)

JIBU: Memoranda ni maoni yenu ya maandishi kuhusu bajeti. Nyingi hazisomwi kwa sababu zinaomba "kaunti iwasaidie wasanii". Karani wa kamati ya bajeti hana mahali pa kuliandika ombi kama hilo. Kazi yake ni kujaza jedwali lenye idara, mradi, mahali na kiasi. Mpe hayo manne tayari, kwa kurasa zisizozidi mbili.

Juu kabisa andikeni jina la waraka mnaoutolea maoni, mwaka wa fedha na ukurasa. Aya ya kwanza iseme mnataka nini katika sentensi moja: kwa mfano, shilingi 283,500 kwa tamasha la siku moja la muziki na ngoma katika wadi fulani, chini ya programu ya utamaduni. Kisha hesabu. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, kwa hiyo tuionyeshe yote. Wasanii 24 kwa shilingi 3,000 kila mmoja ni 72,000. Mazoezi sita, wasanii hao hao kwa shilingi 500 za nauli na chakula, ni 72,000 nyingine. Vipaza sauti na jukwaa 60,000. Jenereta na mafuta yake 18,000. Lori la kubebea vyombo 15,000. Walinzi na huduma ya kwanza 20,000. Vyoo vya kukodi na usafi 13,000. Jumla 270,000. Ongezeni asilimia 5 ya dharura, yaani 13,500, mnafika 283,500. Bei hizi ni za mfano tu. Za kwenu zitokane na nukuu tatu za wauzaji wa Mombasa, na mziambatishe.

Msione haya kuandika nauli za mazoezi. Wengi huziacha ili ombi lionekane dogo, halafu mazoezi ya tatu hayana mpiga zumari kwa sababu hana pesa za kuvuka feri na matatu. Ombi lililopunguzwa hivyo huishia kwenye tamasha bovu, na mwaka unaofuata idara italitaja tamasha hilo kama sababu ya kuwanyima.

Baada ya hesabu, semeni pesa zitoke wapi. Hii ndiyo sehemu inayowatofautisha wanaojua na wasiojua. Fungueni makadirio ya idara yenyewe mtazame safari za ndani, ukarimu, uchapishaji na mafunzo ya maafisa. Kama kuna kifungu kilichotengewa milioni kadhaa na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti inaonyesha mwaka uliopita kilitumika nusu, pendekezeni kipunguzwe kwa kiasi mnachokiomba. Ripoti hizo hutolewa kila robo mwaka na ni za umma.

Mwangalie pia mnaomba pesa za aina gani. Kukarabati ukumbi ni matumizi ya maendeleo. Malipo ya wasanii na tamasha ni matumizi ya kawaida, na huko mnabanana na mishahara. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, ndiyo maana ombi la taa, jukwaa la kudumu au paa la ukumbi mara nyingine hupita kwa urahisi kuliko la tamasha. Kikundi chenye akili ya mbali huomba yote mawili, kila moja kwa barua yake.

Pelekeni nakala kwa karani wa bunge la kaunti, kwa kamati ya bajeti, kwa idara na kwa mwakilishi wadi. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, hamtakuwa na la kushika mkisema hamkujibiwa.

SWALI: Tulialikwa na afisa kutumbuiza kwenye hafla ya serikali. Tukaahidiwa 150,000 baada ya onyesho. Mwaka umepita, afisa amehamishwa, na afisi inasema haina rekodi yetu. Tufanyeje? (Kikundi cha ngoma, Kisauni)

JIBU: Ndugu zetu, hili linatuuma kwa sababu linawapata vikundi vingi mno. Ahadi ya mdomo, hata ya mkubwa, haiingii kwenye mfumo wa malipo. Kinachoingia ni hati ya agizo la huduma, inayojulikana afisini kama LSO, yenye nambari, kiasi, tarehe na sahihi. Inapotolewa, pesa hutengwa kwenye mfumo. Isipotolewa, hakuna kilichotengwa, na afisa anayefuata hana anachoweza kulipia.

Kwa deni hilo, kusanyeni ushahidi wote: barua au ujumbe wa mwaliko, ratiba iliyochapishwa yenye jina lenu, picha za siku hiyo, majina ya maafisa waliokuwapo. Andikieni afisa mkuu wa idara mkiomba deni liingizwe kwenye orodha ya madeni ambayo hayajalipwa na likaguliwe. Barua ya pili iwe ya kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawaruhusu kuiandika kwa Kiswahili, na afisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ulizeni mambo mahususi: je, hafla ya tarehe fulani ilitengewa kiasi gani, na nani walilipwa kwa burudani? Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hatuwaahidi kwamba mtalipwa. Deni lisilo na LSO ni gumu, na kamati nyingi za ukaguzi hulikataa.

Kwa kazi zijazo, ngoma isipakiwe kwenye gari kabla ya nakala ya LSO kuwa mkononi. Someni kiasi na tarehe. Baada ya onyesho, siku hiyo hiyo au kesho yake, pateni sahihi ya afisa kwamba huduma imetolewa, kisha pelekeni ankara ya eTIMS, yaani ya kielektroniki inayotolewa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Mapato (KRA). Mkipeleka ankara ya kuandikwa kwa mkono itarudishwa, na mkichelewa hadi Juni mtaingia kwenye msongamano wa kufunga mwaka. Pesa ambazo hazijatumika kufikia 30 Juni muda wake unakwisha, na malipo yenu yatasubiri bajeti mpya. Julai na Agosti nazo ni miezi mibaya: mgao kutoka Nairobi mara nyingi huchelewa, na idara huwa haina kitu mkononi. Onyesho la kati ya Oktoba na Machi lina nafasi nzuri zaidi ya kulipwa ndani ya mwaka wake.

Kama wengi wenu ni vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, sajilini pia biashara yenu upande wa AGPO, mpango wa zabuni za makundi hayo. Asilimia 30 ya zabuni za serikali, za kaunti zikiwemo, imetengewa makundi hayo, na cheti chake hakilipiwi. Anayewadai pesa za cheti mkataeni.

SWALI: Je, kikundi lazima kisajiliwe ndipo kiombe? (Mchoraji, Tudor)

JIBU: Kutoa maoni ya bajeti hakuhitaji cheti cho chote, hata mtu mmoja anaruhusiwa. Kupokea pesa kunahitaji. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, katiba yake, na kumbukumbu za mkutano ulioamua kusajili. Majina kwenye cheti, kwenye akaunti ya benki na kwenye PIN ya KRA yafanane herufi kwa herufi. Tofauti ya neno moja, "Kikundi cha Sanaa" huku na "Kikundi cha Wasanii" kule, hurudisha malipo. Waweka sahihi wawe watatu, wawili wakitosha kutoa pesa, ili mmoja akisafiri kwenda Ughaibuni kazi isisimame. Cheti kina muda wake. Kikiisha katikati ya mchakato, mtaanza tena.

SWALI: Afisa wa ukumbi alitusamehe ada ya mazoezi kwa mdomo. Mwezi uliofuata aliyempokea akatudai ya miezi yote. Je, ana haki? (Kikundi cha taarab, Majengo)

JIBU: Kisheria, ndiyo, ingawa kwenu ni maumivu. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi au ada ya leseni haisamehewi ila kwa idhini ya sheria, na sheria ya fedha za umma nayo inaweka masharti ya kusamehe ada nyingine za kaunti. Afisa wa ukumbi hana mamlaka hayo, wala gavana peke yake.

Mnaweza kuupata msamaha huo kihalali, tena wa kudumu zaidi. Kila mwaka, ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa, kaunti hupitisha mswada wa fedha wenye orodha ya ada zote: maegesho, vibanda, kumbi, mabango, vibali vya burudani. Mswada huu nao una vikao vya maoni ya umma, na wasanii hawaonekani kabisa. Pendekezeni ada mbili kwa ukumbi huo huo: ile ya harusi na mikutano ya biashara, na ada ndogo ya mazoezi kwa vikundi vya sanaa vilivyosajiliwa, siku za wiki, mpaka saa kumi na mbili jioni. Muda huo kumbi nyingi huwa tupu, kwa hivyo kaunti haipotezi mapato, na hilo mliseme waziwazi. Ada ikishaandikwa kwenye jedwali la sheria, afisa mpya hawezi kuwabadilikia. Tunaona hii ndiyo ruzuku ya bei rahisi kuliko zote inayoweza kupatikana leo, na inashangaza ni wachache wanaoiomba.

Kwa deni la nyuma, ombeni kulipa kwa awamu, na makubaliano yaandikwe.

SWALI: Kwa nini tusishinikize kaunti ianzishe mfuko maalumu wa sanaa, tuachane na kuomba kila mwaka? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Ni lengo zuri na tunaliunga mkono, kwa tahadhari. Kifungu cha 116 cha sheria ya fedha za umma kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko, akiidhinishwa na kamati kuu ya kaunti na bunge la kaunti. Kanuni zinataka gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 3 ya bajeti ya mfuko. Faida yake ni kubwa: bila mfuko au sheria ya ruzuku, kaunti hubaki na njia ya kununua huduma, na si kila sanaa inauzika kwa zabuni. Mchoraji anayehitaji miezi mitatu ya kazi, au bibi anayewafundisha wasichana nyimbo za chakacha, hana cha kuwasilisha kwenye dirisha la ununuzi.

Mifuko mingi hufa kwa kukosa chanzo. Sheria hupitishwa, bodi huteuliwa, halafu kila mwaka mfuko unatengewa kile kilichobaki. Miji iliyofaulu ilifunga mfuko kwenye mapato fulani. San Francisco imekuwa ikitumia kodi ya vyumba vya hoteli kwa sanaa tangu 1961, na mwaka 2018 wapiga kura waliidhinisha sehemu maalumu ya kodi hiyo itengewe sanaa na utamaduni. Denver na wilaya jirani walikubali mwaka 1988 kulipa asilimia 0.1 ya kodi ya mauzo, yaani senti moja kwa kila dola kumi.

Mombasa haiwezi kuiga kodi ya hoteli kwa kauli tu. Kifungu cha 209 cha Katiba kinazipa kaunti kodi mbili, ya mali na ya burudani, na nyingine yo yote lazima iruhusiwe kwa sheria ya Bunge la nchi. Kodi ya burudani basi iko ndani ya uwezo wa kaunti. Sheria ya kaunti ikisema sehemu fulani ya kodi hiyo na ya ada za vibali vya burudani iingie kwenye mfuko wa sanaa, mfuko utakuwa na mguu wa kusimamia. Pigania pia muundo wa bodi: wasanii waliochaguliwa na vikundi vyenyewe, wasioomba pesa mwaka wanaokaa kwenye bodi, na orodha ya waliopewa na walionyimwa itolewe hadharani kila mwaka.

Na kabla mswada haujaandikwa, tafuteni kiti kwenye jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti. Kifungu cha 137 cha sheria ya fedha za umma kinawataja wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Wasanii hawakutajwa. Lakini chama cha akina mama wa lelemama ni chama cha wanawake, na hakuna kinachokizuia kupendekeza jina.